Kisanamu cha Tatu, Mguu wa Kushoto

Hoteli aliyopikia Soipan iko kando ya barabara ya Namanga, kabla hujamaliza kutoka Kitengela, na karibu kila wiki ukumbi wake hukodishwa na watu wanaopigana na kitu fulani. Waliwahi kuja waliopigana na ukame, wakala mbuzi hadi supu ya kwato. Wakaja waliopigana na utapiamlo, wakarudisha wali nusu sahani kwa kuwa ulikuwa na mafuta. Wakaja waliopigana na ufisadi, na walipoondoka vijiko vilikuwa vimepungua. Wiki hii ilikuwa zamu ya waliopigana na kifua kikuu. Soipan aliwapikia wote kwa mkono uleule na kuwadharau wote kwa kipimo kilekile, isipokuwa hawa, ambao aliwaongezea kidogo kwa sababu alikuwa na haki.

Jumanne asubuhi alikuwa akimenya mananasi ya chai ya saa nne, soseji zikiwa kwenye mafuta. Kupitia kidirisha cha kupitishia vyombo aliuona ukumbi wote. Madirisha yalikuwa yamefungwa kwa sababu ya kelele za malori, na wataalamu wa ugonjwa unaosafiri kwa hewa walikuwa wamekaa bega kwa bega tangu asubuhi, wakivutiana pumzi. Ukutani walikuwa wametundika bango la mradi wao, ulioitwa Pumzi Mpya, lenye picha ya mtoto anayecheka. Mtoto wa picha alikuwa na mashavu.

Mtoto wa Soipan hakuwa nayo tena. Naipanoi, wa darasa la pili, alikuwa amelala nyumbani Noonkopir akiangaliwa na jirani. Alikuwa akikohoa tangu shule zifunguliwe, na kila alfajiri shuka lake lilikuwa limelowa jasho. Zahanati ilikuwa na mashine mpya kabisa ya kupima makohozi, iliyofunikwa kitambaa cha kufuma kama redio ya nyanya. Kilichokosekana ni vile vikopo vinavyoingizwa ndani yake ili ifanye kazi. Dawa za watoto pia zilikuwa zimeisha. Nesi alimwambia Soipan arudi.

Neno hilo Soipan alilijua. Ndilo walilompa mumewe, Metito, aliyekuwa mchuna ngozi kwenye kichinjio, mtu wa mabega. Dawa zilimrudishia nusu ya mabega hayo, kisha zikaisha zahanatini kabla yeye hajazimaliza. Akaambiwa arudi wiki ijayo. Akarudi. Akaambiwa dawa ziko njiani. Njia hiyo, kila mtu alikubaliana, ilikuwa mbaya. Metito alifariki mwaka uliopita, mvua za vuli zilipokataa kunyesha, akazikwa Ilbisil kwenye boma la baba yake.

Soipan alikuwa akigeuza soseji wakati Metito alipoingia kwa mlango wa jikoni. Alikuwa na vumbi jeupe la Ilbisil hadi magotini, maana alikuwa ametembea. Alipangusa viatu kwenye gunia la mlangoni kama alivyofunzwa na mkewe alipokuwa hai.

“Takwenya,” alimsalimu kwa Kimaasai.

“Iko,” Soipan alijibu. Alimtazama. “Umekonda.”

“Nilizikwa hivi.”

Soipan alikuwa na mambo mengi ya kumwambia. Kwa mwaka mzima alikuwa ameyapanga, mengine ya upole, mengine ya kumgombeza kwa kufa akiwa na deni la maneno kwake. Lakini soseji zilikuwa zinaanza kuungua. Akazitoa kwanza, akamimina chai kikombeni, akampa. Vidole vyao viligusana. Vya Metito vilikuwa baridi kama ukuta wa nyumba ya mawe.

Metito alionja chai, akamwita mkewe kama zamani, mama wa Naipanoi. “Ng'oto Naipanoi, hii chai imewekwa maziwa ama imeonyeshwa tu?”

“Ni ya wageni. Wanaogopa kunenepa.”

“Niko na wenzangu hapo nje. Tulisikia kuna mkutano wetu.”

“Ni mkutano wa ugonjwa wenu,” Soipan alisema. “Nyinyi sijui kama mko ndani.”

“Wanatutaja sana, lakini. Mtu akitajwa sana huko chini hapati usingizi.”

Aliuliza mtoto yuko wapi saa hizi, na mbona hajaenda shule, kwani alikuwa amepitia shuleni akakuta dawati lake tupu. Soipan alimwambia anakohoa. Metito aliweka kikombe chini. Hakuuliza ni kikohozi cha namna gani.

Chai ilipokuwa inakwisha, marehemu waliingia ukumbini. Walikuwa wengi: wachungaji wa ng'ombe waliozikwa na shuka zao, mafundi cherehani wa viwandani, mama wa kuuza mboga, makanga wa matatu, mhubiri mmoja na Biblia yake. Mbele alikuwa mzee aitwaye Ndeti, ambaye alipokuwa hai alivunja mawe Kajiado. Walisimama kando ya ukuta kwa adabu. Hakuna aliyepiga kelele. Mama mmoja kutoka wizarani alivuta mkoba wake karibu. Tatizo lililotajwa lilikuwa la viti, na wahudumu wakaleta vile vya plastiki vya harusi.

Mkurugenzi wa Pumzi Mpya, Daktari Githongo, alisimama kuwakaribisha. Hakuwa daktari wa kutibu. Udaktari wake aliupata kwa kuandika kuhusu watu wanaotibu, na alikuwa na sauti laini ambayo ingeuza bima kwa mtu aliye juu ya mti unaoanguka.

“Karibuni sana, karibuni,” alisema. “Tumekuwa tukilaumiwa kwamba hatuwashirikishi walioguswa na ugonjwa huu. Leo wamejileta wenyewe. Hii ni hatua kubwa. Sandra, wapatie beji.”

Sandra alikuwa msichana wa mradi, mwenye kucha ndefu na kompyuta ambayo haikutoka mapajani mwake. Aligawa beji za manjano zilizoandikwa JAMII. Ikapigwa picha ya pamoja. Marehemu walitoka vizuri kuliko walio hai, kwa sababu hawakupepesa macho.

Soipan aliingia kukusanya vikombe wakati mchoro ulipowashwa ukutani. Ulikuwa mchoro wa vifo. Vilichorwa visanamu vyeusi vya watu wamepangwa safu, visivyo na sura, na chini iliandikwa kwamba kila kisanamu ni watu elfu moja. Daktari Githongo alieleza dunia inavyolemewa, bara linavyolemewa, nchi inavyolemewa. Alisema “mzigo” mara nyingi sana, na kila alipolisema alionekana kuwa mtu ambaye hajabeba kitu.

Metito aliegemea kwa mkewe. “Unaona yule wa tatu kutoka mwanzo?”

“Namuona.”

“Mimi niko kwa mguu wa kushoto. Hapo karibu na kisigino. Tumebanana.”

Soipan alikitazama kisigino. Alikumbuka jinsi alivyomfunga Metito shuka la mwisho, na jinsi alivyotafuta soksi nzima asiipate, akamvisha moja yenye tundu. Mtu mzima, mwenye kicheko kilichosikika hadi kwa majirani, mwenye kupenda nyama ya mbavu na kuchukia viatu vya kufunga kamba, na sasa hajafika hata kifundo cha mguu wa mtu asiye na uso. Alifuta kikombe ambacho tayari kilikuwa kikavu.

“Sasa tupate sauti ya jamii,” alisema Daktari Githongo. “Dakika mbili tu, tafadhali. Muda si rafiki yetu.”

Ndeti alisimama. “Mimi ni Ndeti. Sina maneno mengi. Sisi wengi tulikatikiwa na dawa katikati. Wengine hawakupimwa hata. Tumekuja kuchukua zile zilibaki, tumalize.”

Walio hai walipiga makofi. Daktari Githongo aliweka mkono kifuani. “Asante sana, mzee. Ni muhimu kusikia haya. Kwa bahati mbaya mfumo hauruhusu. Mgonjwa akishawekwa kwamba amefariki, jina lake linajifunga lenyewe.”

Ndeti aliwaza. “Hiyo naelewa. Basi hizo zetu wapewe wale wako hai.”

“Hilo tumelinukuu.”

Sandra aliliandika kwa kalamu ya kijani kwenye karatasi kubwa, akaibandika ukutani. Gundi haikushika. Karatasi ilianguka nyuma ya meza ya maji, na kwa kuwa ilikuwa imeshanukuliwa, hakuna aliyeiokota. Ndeti aliketi. Pembeni yake afisa mmoja alikohoa kwenye kiganja, kisha mwingine. Marehemu hawakukohoa hata mmoja, wao walishamaliza.

Baada ya hapo mchoro ulibadilishwa. Vile visanamu vyeusi vilisogea kushoto, na kulia vikatokea vingine vya rangi ya majivu mepesi. Daktari Githongo alisema hao ni makadirio ya mwakani. Aliyasema kwa furaha fulani, kwa sababu walikuwa wachache kidogo kuliko wale weusi, na kupungua huko ndiko kulikokuwa shabaha ya mradi.

Metito alisimama, akatembea hadi ukutani. Alipita mbele ya taa ya mashine na kivuli chake hakikuonekana. Alivikagua visanamu vya majivu kimoja kimoja, uso karibu na ukuta, kama mtu anayetafuta ng'ombe wake kwenye zizi la watu. Aliporudi hakuketi.

“Naipanoi yuko pale,” alimwambia mkewe polepole. “Yule wa mwisho kabisa. Kwa mkono. Amevaa sweta ya shule.”

Soipan hakupiga mayowe. Hasira ilimpanda kutoka miguuni, ikamsimamisha wima. Alichukua sinia ya vikombe, akaipeleka jikoni, akaosha mikono, akapakua chakula cha mchana.

Alisimama nyuma ya sufuria ya nyama na upawa mkononi, na wakubwa wakapanga foleni mbele yake wakiwa na sahani. Mtu akishika sahani tupu hana pa kukimbilia. Wa kwanza alikuwa Kisemei, afisa wa afya, ambaye Soipan alimjua kwa ukoo.

“Ndugu yangu, mtoto wangu anakohoa. Zahanati haina cha kumpimia, na dawa ya watoto haiko.”

“Pole sana, dada. Hiyo huwa inaletwa kutoka Nairobi. Uliza yule mama nyuma yangu.”

Soipan alimwekea mifupa. Mama wa wizarani alisema Nairobi ilishatimiza wajibu wake, na kilichobaki kilikuwa bandarini kikisubiri saini ya wafadhili. Mfadhili alikuwa anafuata, mgeni mrefu kutoka ng'ambo, na alisema kwa Kiswahili cha kitabuni kwamba jambo hilo lina changamoto nyingi, kisha akaomba asiwekewe mchuzi. Alisema saini huandaliwa na mkurugenzi wa mradi. Mkurugenzi alikuwa wa mwisho kwenye foleni, kwa unyenyekevu.

“Mama,” alisema Daktari Githongo, “naelewa. Lakini ukianza kushughulika na mtoto mmoja mmoja unapoteza picha kubwa.”

“Picha kubwa nimeiona. Mtoto wangu yuko ndani.”

“Hayo ni makadirio tu.”

“Basi mtoe.”

“Makadirio yalishapitishwa. Yameidhinishwa hadi ng'ambo. Siwezi kuamka nikapunguza mtu kwa sababu ya nyama.” Alicheka kidogo ili Soipan naye acheke.

Hapo Metito, aliyekuwa amesimama kando ya matunda, alisogea. Alivua kofia. Soipan alikuwa amemwona akimwomba mtu mara chache sana maishani, na kila mara ilimwuma kama kumwona ng'ombe dume akipigwa na mtoto.

“Daktari,” alisema Metito. “Niweke mimi hapo. Nafasi ya mtoto. Mimi nitakufa tena, haina shida. Najua njia.”

Vijiko viliendelea kugonga sahani. Soipan alishika kona ya aproni yake. Hakuwahi kuambiwa na Metito kwamba anampenda yeye wala mtoto. Hawakuwa watu wa maneno hayo, na alikuwa amedhani kifo kimeshafunga nafasi hiyo.

Daktari Githongo alimwekea marehemu mkono begani, akautoa kwa sababu ya baridi. “Bwana Metito, nakuheshimu kama mzazi mwenzangu. Lakini mtu hawezi kuhesabiwa mara mbili. Wakaguzi wangetumaliza.”

“Sisi tulimalizwa na hamkuogopa,” Metito alisema.

“Ni kwa ajili ya ubora wa takwimu,” Daktari Githongo alisema, akaenda kutafuta pilipili.

Wakati wakubwa wanakula, Soipan alimfuata Sandra pale alipokuwa amekaa peke yake na kompyuta, akila ndizi. Alisimama juu yake akiwa bado ameshika upawa.

“Msichana wangu. Wewe ndio unaguza hiyo mashine. Mtoe.”

“Mum, aki siwezi. Nikitoa mtu hapo kunabaki shimo. Lazima hesabu itimie, boss ataona.”

“Mimi sikukuambia ufanye nini na shimo.”

Sandra alimtazama, kisha akamtazama Metito aliyekuwa amesimama na kofia mikononi. Alimaliza ndizi. Alifungua mchoro, akaukuza, akaukuza tena, mpaka mkono wa kile kisanamu cha mwisho ukajaa kioo kizima na watu wakaonekana ndani yake wamesongamana kama abiria wa sikukuu. Naipanoi alikuwa katikati na sweta yake, amechoka kusimama. Sandra alimshika kwa ncha ya mshale, akamvuta nje. Pengo halikudumu. Mtoto mwingine alisukumwa pale kutoka nyuma, akageuka kutazama aliyemsukuma.

Soipan aligeuza uso kabla hajauona wa mtoto huyo.

“Ni wa nani?” aliuliza akiwa amewapa mgongo.

“Mum, usiulize. Mimi huwa siulizi.”

Metito yeye alitazama. Alitazama kwa muda mrefu, mpaka Sandra akafunga kompyuta.

Jioni yalisomwa maazimio. La kwanza lilikuwa kukutana tena. La pili lilikuwa kuunda kamati ya kuandaa kukutana huko. La tatu liliwapongeza marehemu kwa kujitokeza. Marehemu walirudisha vikombe jikoni wenyewe, na hakuna kilichopungua. Metito alisubiri hadi wenzake walipotangulia kuelekea upande wa Isinya.

“Mpe maziwa ya ng'ombe,” alisema. “Si hayo ya pakiti.”

“Nitampa.”

“Yule mwingine nilimwona.”

“Usiniambie.”

“Sijasema.” Alivaa kofia, akaaga. “Sere, ng'oto Naipanoi.”

“Sere.” Alipofika kizingitini Soipan alimwita kama baba wa mtoto. “Menye Naipanoi. Ile soksi. Nilitafuta nzima, sikupata.”

Metito alitazama mguu wake. “Inaingiza hewa,” alisema, akaenda.

Kesho yake zahanati ilimpigia simu Soipan. Ilikuwa imepokea kikopo kimoja cha kupimia na boksi moja la dawa za mtoto. Nesi hakujua vilitoka wapi, na hakuwa na desturi ya kuulizia vitu vilivyofika. Naipanoi akapimwa. Ugonjwa ulikuwepo. Akapewa vile vidonge vinavyoyeyuka kwenye maji, vyenye ladha ya matunda, na nesi akamwonyesha Soipan jinsi ya kuvikoroga. Baada ya wiki chache mtoto aliamka akaomba ugali. Alikula, akaomba tena, akalamba mwiko. Soipan alitoka nje, akasimama nyuma ya choo cha ploti na kulia kwa furaha mpaka jirani akabisha mlango wa choo kuuliza kama kuna mtu.

Lakini hakuzoea kukaa kwenye benchi la zahanati. Kila aliporudi kuchukua dawa alikuta watoto wengine wamepakatwa, wanakohoa, na kwa kuwa hakuwa ameuona uso wa yule wa kwenye kompyuta, kila mmoja wao angeweza kuwa ndiye. Alijifunza kutazama sakafu. Sakafu ilikuwa safi.

Siku moja mwanamke aitwaye Wacuka, muuza mitumba wa kule sokoni, aliketi karibu naye na mtoto wa kiume mgongoni. Aliingia kwa nesi, akatoka mara moja.

“Nimeambiwa nirudi,” alisema. Aliangalia boksi mapajani mwa Soipan. “Wewe ulipata wapi, mama?”

Soipan angeweza kusema Nairobi. Mdomo wake ulikuwa umeshalishika neno hilo. Mtoto mgongoni mwa Wacuka alikohoa, akaweka shavu chini tena, na Soipan akasema, “Hotelini.”

Alimwelezea yote, bila kuongeza wala kupunguza: mchoro, kisanamu cha majivu, mkono. Alimwambia kwamba mtoto wake alitolewa na mwingine akaingizwa. Wacuka alisikiliza kama mtu anayeelekezwa kituo cha basi. Hakumlaani. Aliuliza tu mkutano unaofuata ni lini.

Ulikuwa Alhamisi. Wakati huo Pumzi Mpya ilikuwa imesifiwa ng'ambo kwa kuwashirikisha walioguswa, na marehemu walialikwa kila mahali. Miradi iliwapenda. Hawakusinzia, hawakudai bahasha ya nauli, hawakupokea simu katikati ya hotuba. Metito alikuwa ameshapelekwa Naivasha na Mombasa, akarudi akisema bahari ni maji mengi yasiyofaa kwa ng'ombe. Alikuwa na beji ya kudumu. Ndeti alikuwa kwenye kamati ndogo. Alirudia maneno yaleyale kila kikao, na kila kikao yalinukuliwa.

Alhamisi hiyo Soipan alikuwa getini akipokea nyanya kutoka kwa pikipiki wakati Wacuka alipofika. Alikuwa amevaa nguo ya kanisa, na mtoto alikuwa amepakwa mafuta usoni. Mlinzi, kijana aitwaye Gideon, aliwasimamisha.

“Madam, uko na mwaliko?”

“Sina. Nataka kuona wale wa mchoro.”

“Bila mwaliko siwezi.”

“Gideon, ni mgeni wangu,” alisema Soipan.

“Mum, wapishi hawaruhusiwi wageni. Unajua vile walisema.”

Soipan aliacha nyanya, akaingia mbio kumtafuta Sandra. Sandra hakuwepo. Alikuwa amepandishwa cheo, akahamishiwa mradi wa malaria. Kijana aliyekalia kiti chake alisema mchoro sasa una neno la siri, na neno hilo linakaa Nairobi. Daktari Githongo alikuwa jukwaani. Metito naye alikuwa jukwaani, amesimama na kofia mikononi, katikati ya dakika zake mbili, akiwaeleza watu kuhusu mkono mmoja wa majivu. Wageni walikuwa wakimpiga picha. Alimwona mkewe mlangoni, na muda wake ukaisha.

Soipan alirudi getini mikono mitupu. Marehemu waliochelewa walikuwa wakiingia kwa miguu, wametoka mbali, Ewuaso na Rongai na kwingineko, na Gideon aliwafungulia mmoja mmoja kwa heshima bila kuwauliza kitu. Wacuka alikuwa amesogezwa pembeni ili wapite. Aliwatazama wanavyoingia.

“Na hawa mbona unawafungulia?” aliuliza. Hakuuliza kwa ubishi.

“Hao ni marehemu, mum. Marehemu hawahitaji mwaliko.”

Wacuka aliitikia kwa kichwa, kwa kuwa maelezo yalikuwa wazi. Alimpandisha mtoto vizuri mgongoni, akakaza leso kifuani.

“Sawa,” alisema. “Basi tutarudi.”